Nyumba mgongoni: familia zilizotembea kutoka Bagamoyo hadi Tabora

Wadau, ukikaa kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma wakati wa kiangazi, utaliona tu siku moja. Kwa nje ni gari kubwa, kwa ndani ni nyumba. Lina kitanda, jiko, choo, meza ya kulia na dirisha lenye pazia. Baba ameshika usukani, mama ana ramani, na watoto wawili wa Kizungu wamebandika pua kwenye kioo wakiangalia milima inavyobadilika rangi. Wametoka kwao Ulaya wanaelekea Cape Town. Jioni wanaegesha, wanapika, wanalala. Sisi tuliobanana kwenye basi tunageuza shingo: jamani, hawa watu wanatembea na nyumba!

Siwaonei wivu (au labda kidogo). Ila kuna jambo ambalo tukiliangalia gari lile huwa tunalisahau. Familia nzima kufunga safari ya miezi na nyumba yake, kupanda milima na kuteremka, kula njiani na kulala njiani, halikuanza na gari hilo. Watu wa Tabora walifanya hivyo zaidi ya miaka 150 iliyopita kwenye njia hiyohiyo, au sambamba nayo. Walifanya kwa miguu, mtoto mgongoni na chungu kichwani.

Darasani njia ya kati tulifundishwa kwa namna mbili tu. Kwanza ni njia ya wapelelezi: Burton na Speke, Livingstone, Stanley. Pili ni njia ya watumwa: minyororo, pembe za ndovu, Bagamoyo, soko la Zanzibar. Yote mawili ni kweli. Lakini katikati kulikuwa na watu wa tatu, na hao ndio waliokuwa wengi kuliko Wazungu wote ukiwajumlisha: Wanyamwezi huru waliokwenda pwani kwa hiari yao kutafuta mali, wengine wakiwa na wake zao na watoto. Hao vitabu vya shule viliwapa neno moja, "wapagazi", kisha vikaendelea na habari za Stanley.

Tuifuate njia yenyewe kwanza, maana bila njia hutaielewa safari.

Msafara ukitoka Bagamoyo unaacha minazi, unavuka Mto Ruvu, halafu siku kadhaa ni vichaka na joto la pwani. Uluguru inaonekana kwa mbali, ya bluu. Kisha unakuja uwanda wa Mkata, ambao masika hugeuka bwawa, na watu hutembea na maji kiunoni. Baada ya Mkata ardhi inasimama wima. Hapo ndipo Usagara, na kileleni kwake ni mapito ya Rubeho, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Rubeho ni upepo, na jina halikutolewa kwa utani. Mtu aliyezoea joto la pwani akifika pale usiku anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Burton na Speke walipopanda hapo mwaka 1857 wote wawili walikuwa wagonjwa, na Speke ilibidi ashikiliwe na watu ili asianguke.

Ukishavuka Rubeho dunia inabadilika. Upande wa mashariki wa milima ni kijani, vijito na ukungu. Upande wa magharibi mvua imekwisha: mibuyu, miiba, vumbi jekundu. Unateremkia Mpwapwa, ambako misafara ilipumzika na kujaza vibuyu, kwa sababu mbele yake ni Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kuaminika. Halafu Ugogo, na hongo zake. Kila mtemi alidai nguo zake kabla hujapita, na Wagogo walijua kupanga bei, kwa sababu wao ndio waliokuwa na visima. Watu husema walikuwa wanyang'anyi. Mimi naona walikuwa wanafanya kile ambacho halmashauri zetu zinafanya leo kwenye kizuizi cha ushuru, tofauti ni risiti tu.

Baada ya Ugogo unapanda ukuta wa Bonde la Ufa karibu na Kilimatinde, na mbele yako ni Mgunda Mkali: msitu mnene wa vichaka, mawe makubwa, maji ya kubahatisha. Kisha, siku moja, miti inakuwa mirefu zaidi, miyombo na mininga, kuna asali, kuna mashamba, kuna tembe. Hapo ni Unyanyembe, umefika kwenu. Msafara wa Burton ulitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, sehemu ya Tabora ya leo, ukaingia tarehe 7 Novemba 1857. Misafara ya Wanyamwezi wenyewe ilikwenda kasi zaidi, maana haikuwa na bwana mkubwa wa kubebwa wala masanduku ya vipimo.

Sasa familia iliishije humo?

Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, na mara nyingi zaidi. Mnyamwezi alibeba begani, mtu wa pwani alibeba kichwani, na kila mmoja alimcheka mwenzake. Juu ya mzigo wa tajiri aliongeza mali yake mwenyewe: mkeka, silaha, sufuria au chungu, na unga wake. Mwanamke alibeba nyumba iliyobaki, yaani vibuyu, vyakula, kuni za jioni na mtoto. Wengine walikuja kama wake, wengine walijitegemea, wakafanya biashara zao ndogondogo za chakula na pombe kambini, na wapo waliobeba mizigo kwa ujira kama wanaume. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa karne ya 19, aliwarudisha wanawake hawa kwenye picha. Mambo yenyewe yalikuwa yamekaa siku zote kwenye maandishi ya wasafiri wa Kizungu. Ni vile tu wasomaji waliyapita wakitafuta ziwa.

Msafara ulikuwa na utaratibu wake kama mji. Mbele kiongozi wa njia, kirangozi, na nguo yake nyekundu na mapambo yake ya manyoya. Kuna ngoma, kuna mganga, kuna wanyampara wa kusimamia watu. Wanaondoka alfajiri na kusimama kabla jua halijawa kali. Wakifika kambini, watu wanajigawa kwa makundi ya kula pamoja: huyu anakata matawi, yule anateka maji, mwingine anasaga. Ndani ya muda mfupi vibanda vya nyasi vimesimama kwa mduara, nje kuna uzio wa miiba. Kambi nyingine zilikuwa palepale miaka yote. Unakuta vibanda vya waliotangulia, unavitengeneza, unalala, unawaachia wanaofuata. Hoteli isiyo na mwenyewe.

Kwenye sehemu zisizo na maji walifanya telekeza. Siku hizi neno hilo tunalijua kwa baba aliyemkimbia mtoto, lakini kwenye misafara lilikuwa na kazi nyingine: mnapika na kula mchana palipo na maji, mnajaza vibuyu, mnaanza kutembea jua likiinama, mnalala porini bila maji, na asubuhi mnafika kisima kinachofuata. Fikiria mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja akipiga telekeza Marenga Mkali. Hakuna aliyemwandikia kitabu.

Na msidhani ilikuwa kazi ya watu duni. Wamisionari walioishi Unyamwezi waliandika kwamba kijana ambaye hajabeba pembe hadi pwani hakuhesabiwa mtu mzima wa kuoa. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Burton anasimulia kwamba baba yake alipokufa, Fundikira alikuwa njiani kuelekea pwani na mzigo begani, mpagazi kama wapagazi wengine. Alipopata habari aliutua mzigo, akarudi nyumbani kutawala. Mtoto wa mtemi! Leo mtoto wa mkuu wa wilaya hapandi daladala. Kizazi cha huyo Fundikira ndicho kilichotupa Chifu Abdallah Said Fundikira, waziri wa sheria wa miaka ya kwanza ya uhuru, aliyefariki mwaka 2007.

Ukoo huo huo uliingia kwenye familia nyingine ya barabarani. Muhammad bin Juma, mfanyabiashara wa Zanzibar, alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, na kuweka makazi karibu na Tabora. Upande wa Zanzibar alikuwa na mke mwingine na mtoto wa kiume, Hamed. Kijana huyo alianza kusafiri na wakubwa wake tangu mdogo na kufika Tabora na baba yake akiwa na miaka kama 18. Ndiye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Tippu Tip, na maisha yake aliyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Familia yenye mlango mmoja baharini na mwingine Unyamwezi, sebule yake ikiwa ni njia ya zaidi ya kilomita 800.

Sasa tuje kwa wenye magurudumu, maana walijaribu, tena kwa bidii.

London Missionary Society walipotaka kufika Ziwa Tanganyika walimchukua Roger Price, mtu aliyekuwa amefanya kazi kusini mwa Afrika. Huko kusini familia za Makaburu na za wamisionari zilisafiri na kuishi ndani ya magari makubwa yaliyofunikwa turubai na kukokotwa na ng'ombe. Hiyo ndiyo hasa babu wa gari lile la barabara ya Dodoma. Price alikuja mwaka 1876, akapima njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa, akaona inawezekana. Mwaka 1877 wakaleta magari na ng'ombe wenyewe. Mbung'o wakawamaliza ng'ombe. Magari yakabaki porini, Price akarudi Uingereza, na wenzake wakaendelea na kile walichotaka kukikwepa: wapagazi. Dodgshun, mmoja wao, alifika Ujiji mwaka 1879 na kufa siku chache baadaye. Dakta Joseph Mullens, katibu wa chama chenyewe, alikuja mwaka huohuo kuwatia moyo. Hakupita Mpwapwa. Kaburi lake liko huko.

Mwaka huo huo wa 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikuwa na wazo lake. Wakaletwa tembo wanne waliofugwa kutoka India, wakashushwa Msasani (ndiyo, Msasani hii hii ya wala bata), wakaanza kupanda bara chini ya Carter. Nchi iliyojaa tembo ikaletewa tembo wa kubeba mizigo. Hakuna hata mmoja aliyedumu. Carter mwenyewe aliuawa mwaka 1880.

Halafu akaja Annie Hore. Mumewe, Edward Hore, alikuwa baharia wa LMS aliyekwisha kufika Ujiji mwaka 1878. Mwaka 1882 waliamua kwenda kama familia, na mtoto wao mchanga, Jack. Kwa mama walitafuta kiti cha magurudumu, vile walivyosukumwa wagonjwa na vikongwe kwenye miji ya mapumziko ya Uingereza. Jaribio la kwanza lilikatika, mama na mtoto wakarudi. Wakajaribu kupitia Ziwa Nyasa, vita vya Mto Shire vikafunga njia. Mwaka 1884 wakaanza upya kutoka Saadani, na Januari 1885 wakaingia Ujiji baada ya siku 90. Kitabu cha Annie kilitoka London mwaka 1886 kwa jina la To Lake Tanganyika in a Bath Chair.

Mimi namheshimu yule mama. Kutembea na mtoto mdogo katika homa, mvua na vita si mchezo, na kugeuka mara mbili kisha kuanza mara ya tatu kunahitaji moyo. Lakini tuseme ukweli kuhusu kile kiti. Magurudumu yake hayakusafiri sana. Njia ilikuwa upana wa mguu mmoja, kuna mawe, kuna vijito, kuna Usagara. Kiti kilifika kwa sababu wanaume walikibeba mabegani. Halikuwa gari hata kidogo, ulikuwa mzigo mmoja zaidi. Na walipofika, sifa iliyosambaa Uingereza ilikuwa ya mwanamke wa kwanza wa Kizungu kufika ziwani. Hayo maneno "wa Kizungu" yanafanya kazi kubwa sana. Yaondoe, na foleni ya wanawake waliomtangulia kwa miguu inaanzia Ujiji na kuishia Bagamoyo.

Nilisema hayo ya minyororo ni kweli, na sitaki mtu afikirie naiosha njia hii. Kwenye kambi moja waliweza kulala watu wa aina mbili: mama aliyekuja na mumewe, anayejua mvua zikikaribia atakuwa kwake analima, na mama aliyenunuliwa Manyema, asiyejua hata jina la anakolala. Kwa mbali ungewaona sawa, wote wana mtoto mgongoni. Njia iliyosafirisha familia ndiyo iliyozipasua.

Hapo ndipo Kipalapala inapoingia. Wengi mnaijua kwa seminari kuu, na wapenda magazeti wanapaswa kuijua kwa mitambo ya uchapaji iliyotoa Kiongozi na vitabu kibao vya Kiswahili. Lakini kabla ya yote hayo, miaka ya 1880, White Fathers walikuwa na kituo hapo, nje kidogo ya Tabora, cha watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Mapadri hao nao waliijua bei ya njia: wa kwanza wao kufa, Padri Joachim Pascal, alifia safarini mwaka 1878 hata kabla ya kuona Tabora. Watoto wa Kipalapala walikuwa wamefika na msafara kama wengine, ila wao hawakuwa na wa kurudi naye mvua zikikaribia. Mwaka 1889, uhusiano na Mtemi Isike ulipoharibika na pwani ikiwaka vita vya Wajerumani, kituo kikafungwa. Watoto walioletwa Tabora kwa miguu wakahamishwa tena.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Agosti 1907 Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam na gari la mafuta, akafika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, Mei 1909. Miezi karibu 21, na sehemu kubwa gari likivutwa na watu. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Miezi ikawa siku, na safari ya familia kwenda pwani ikafa bila mazishi.

Kisha vita. Kati ya 1914 na 1918 Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji waliwakamata watu kwa nguvu kubeba risasi na chakula cha majeshi. Tabora yenyewe ilitekwa na jeshi la Wabelgiji Septemba 1916. Wapagazi wa vita hawakuchagua msimu wala mzigo wala kirangozi, na walikufa kwa maelfu, kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Nina dhana kwamba hapa ndipo neno "mpagazi" lilipoharibika. Bibi na babu waliotusimulia walikuwa karibu zaidi na vita hii kuliko na misafara ya pembe, na kumbukumbu ya kukamatwa ikaifunika ile ya kwenda mwenyewe, kudai posho, kugoma nyampara akizidisha ubabe, na kurudi na nguo za merikani za kutosha kuoa.

Mwaka 2006 serikali iliipeleka njia hii UNESCO kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia, ikitaja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Jina lililotumika ni njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Kipalapala haimo. Wala neno moja la wale waliobeba hizo pembe kwa ujira. Ukienda Kwihara utaoneshwa tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, na ni vizuri uende. Mgunda Mkali nao sasa una lami. Kile kipande kibaya cha Nyahua hadi Chaya, kilomita 85, kimekwisha, na basi linakivuka abiria akisinzia.

Kitu kilichobaki cha misafara hakijajengwa kwa mawe. Ni utani. Wanyamwezi na Wazaramo hawapakani popote, kati yao kuna milima yote niliyoitaja, na bado ni watani. Wamekuwa watani kwa sababu kizazi baada ya kizazi Mnyamwezi alifika kwa Mzaramo amechoka, ana mke mgonjwa au mtoto anayelia, anaomba maji na pa kulala, na wengine walifia hukohuko wakazikwa na wenyeji. Ndiyo maana hadi leo, Mnyamwezi akifiwa Dar es Salaam, mtani wa Kizaramo anaweza kuingia msibani, akalala kaburini, akagoma kutoka mpaka alipwe, na hakuna anayekasirika.